Bawa la Kulia

Nunacuar
12 Januari 1969

Shemeji Nastasia,

Nakusalimu wewe pamoja na hilo tumbo. Huku wote tunapumua. Goti la Mama limevimba tena, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Krismasi yetu ya Januari, ya kanisa la Kirusi, tulianza kuila mapema kule Tungaq kwa mama mdogo, kabla hatujajua lolote. Ile nyota ya kanisa ilizungushwa kwa nyimbo nyumba hadi nyumba siku tatu, na kila nyumba walitushindilia samaki na akutaq, yale mafuta ya kupondwa na matunda, mpaka nikawa natembea kama wewe. Mama alipewa kitambaa cha kichwa, akakigeuza mara mbili akasema, "Hiki ni cha wazee." Mama mdogo akamjibu, "Ndiyo maana nimekupa wewe." Hawajasemezana tangu hapo, kwa hiyo mambo ni ya kawaida.

Najua hospitali walikwisha kupigiwa simu wakakuambia habari za kaka. Nakuandikia ili uwe na kitu cha kushika mkononi.

Kaka aliondoka Jumamosi tarehe nne. Alikuwa anaenda Bethel, aiache ndege yake pale, apande kubwa aje kwako. Ndege ya posta haikuwa imetua kwetu wiki mbili kwa ajili ya ukungu, basi Agafia wa posta akampa mfuko wa barua aupeleke. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimetoka alfajiri na Mama kwa pikipiki ya theluji kwenda Tungaq. Baada ya kuruka saa moja, rubani mmoja alimsikia kwenye redio akisema, "Bethel imefunga. Nazunguka milima niende pwani ya kusini. Nina mafuta ya kuruka saa tatu bado, msiwe na wasiwasi." Hakusikika tena.

Watu wa uokoaji walikuja tarehe saba, wakatukusanya shuleni. Mkubwa wao aliniuliza mbele ya watu wote, Mama ameketi benchi la mbele: "Ndugu yako alikuwa na mafuta kiasi gani?" Nikamwambia nilimwona kwa macho yangu Ijumaa jioni akimimina pipa lake la mwisho kwenye matangi ya mabawa yote mawili, hadi juu, kisha akayafunika mabawa kwa turubai. Wakapiga hesabu. Mabawa yote yakijaa ni muda wa saa nne. Wakachora duara kwenye ramani, wakasema basi amevuka milima, yuko upande wa pwani. Ndiko wanakotafuta, ndege sita.

Ana jiko, ana shoka, ana mfuko wa kulalia na chakula cha wiki mbili. Unamjua kaka, anaweza kukaa porini akanenepa. Usilie, utamharibu mtoto.

Shemeji yako,
Wassillie


Anchorage
25 Januari 1969

Shemeji Wassillie,

Barua yako nimeipata jana. Nashukuru kwa kitu cha kushika mkononi. Mimi nimelazwa miguu juu kichwa chini, kwa sababu ya presha ya damu kupanda. Kitanda cha pili yuko mama mmoja wa Kotlik anayekoroma na kukataa kwamba anakoroma. Muuguzi wetu ni mzungu mwembamba, mwema, anapima presha yangu mara mbili kila akija, maana anasema mashine hiyo siku nyingine inadanganya. Nikamwambia, wewe ungeolewa na mume wangu. Akacheka hakuelewa.

Msalimie Mama. Mwambie goti apakwe mafuta ya sili, asipake ile dawa ya dukani.

Wassillie, nimesoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. Unasema ulimwona akijaza Ijumaa jioni. Hilo nakubali. Sasa nakuuliza habari za Jumamosi asubuhi. Miaka sita mimi ndiye niliyemshikia faneli na ile ngozi ya kuchujia mafuta yasiingie maji. Nimesimama naye kwenye baridi ya kukata masikio. Mshale wa mafuta kwenye ndege ile umekwama katikati tangu tuinunue, kwa hiyo macho yake ni kile kijiti chake cha kupimia. Anapima jioni, na asubuhi anapima tena. Nilikuwa namcheka: "Unadhani yamenywewa na mbweha?" Ananijibu, "Mimi sidhani, mimi natazama."

Asubuhi ile alitazama? Agafia alikuwepo, yeye ndiye aliyempa mfuko. Muulize. Kama alitumbukiza kijiti na kikatoka kimelowa hadi juu, basi kweli amevuka milima, yuko pwani, na mimi nitalala hapa miguu juu nimsubiri hata mwaka. Kama hakupima, sijui anatafutwa wapi na sijui mimi nasubiri nini.

Nijibu hilo moja tu. Mengine ni salamu.

Nastasia


Nunacuar
18 Februari 1969

Shemeji Nastasia,

Natumaini miguu imeshashuka na damu imeshuka nayo. Nimechelewa, unisamehe. Kidole cha shahada kiligandishwa na baridi kikawa cheusi, nikashindwa kushika kalamu, sasa nakiinamisha namna ya mtu anayechora. Goti la Mama ni afadhali. Amepaka mafuta ya sili kama ulivyosema, nyumba nzima inanuka kama majira ya kuchinja, na amefurahi. Agafia amepata mbwa mpya, mbaya kwa sura, amempa jina la mume wake wa kwanza.

Najua ulishasikia kwamba utafutaji ulifungwa tarehe thelathini na moja. Walisema walishaimaliza pwani yote mpaka maji. Yule mkubwa wao alikuja kutuaga, akamshika Mama mkono, Mama akampa samaki mkavu fungu zima. Walituachia pipa moja la mafuta.

Hayo mambo ya kijiti wazungu walishauliza. Agafia anasema hakuona, alikuwa ameinama anafunga mfuko. Ila anasema hajawahi kumwona kaka na haraka namna ile. Ukungu ulifunguka kidogo, akavua turubai mbio, na mfuko wa koti ulikuwa na telegramu yako iliyofika Ijumaa. Hata mimi hakunionyesha. Nilimtania nikamwambia, "Mke amekuita?" akanipita kama hajanisikia. Ilisema nini, shemeji?

Mimi sijaacha kutafuta. Kila kukicha hali ya hewa ikiwa nzuri nachukua pikipiki na mafuta ya lile pipa, naenda. Siendi pwani, siwezi kuvuka milima. Natafuta upande wa huku, kwenye vijito vinavyoteremka kutoka kwenye mlango wa milima, pale ndege zinapopenya. Watu wananicheka. Juzi Nikolai wa dukani aliniambia mbele ya watoto, "Wassillie, ndege imeanguka ng'ambo, wewe unaitafuta nyuma ya choo chako." Nikacheka nao. Nitafanyaje, mtu hawezi kukaa ndani.

Mama anakuuliza mtoto anacheza upande gani. Anasema kama ni kulia ni mwanamume.

Wassillie


Anchorage
22 Machi 1969

Shemeji,

Mtoto amezaliwa tarehe tisa. Mwanamume, mwambie Mama alikuwa anacheza pande zote, huyu hana siasa. Ana nywele nyingi na masikio ya baba yake yaliyosimama. Mama wa Kotlik alimwona akasema, "Huyu akipata upepo ataruka." Kisha akakumbuka, akaona haya, akanipa chungwa lake.

Nimeletewa salamu ya Mama kupitia kwa kasisi. Kwamba mtoto apewe jina la Iraluq, jina la kwetu la Evon mume wangu, ili Evon arudi nyumbani ndani yake, ale, avikwe, asizurure nje kwenye baridi. Naelewa anachotaka. Nami nilimwita mpwa wangu "baba" kwa sababu alichukua jina la baba yangu, nikamnunulia tumbaku akiwa na miaka minne. Lakini jina halihami kwa mtu aliye hai. Siku nitakayomwita huyu Iraluq ndiyo siku nitakayokuwa nimemzika mume wangu kwa mdomo wangu, na mimi sijaona hata msumari wa ndege ile. Kwa hiyo mtoto hana jina. Kwenye karatasi wameandika "mvulana." Muuguzi ananiuliza kila siku na mimi kila siku namwambia kesho.

Umeniuliza telegramu ilisema nini. Ilisema mambo ya mke na mumewe.

Na wewe nilikuuliza moja tu hukunijibu. Sasa nakuongezea la pili. Siku moja usingizi ulikataa nikaanza kuhesabu mambo ya kijijini kwetu, kama anavyofanya mtu aliye mbali. Nikakumbuka kwamba meli ya mizigo ilikwamishwa na barafu mwezi wa Oktoba kabla ya kutufikia. Nikolai alimaliza petroli yake ya dukani Novemba, mimi nikiwa bado nyumbani. Pikipiki zote zilikuwa zimelala uani zimefunikwa na theluji, watu wamerudi kuvutwa na mbwa. Wewe umeniandikia mwenyewe kwamba tarehe nne Januari ulimpeleka Mama Tungaq kwa pikipiki. Kwenda na kurudi si mwendo mdogo.

Pikipiki ilikunywa nini, Wassillie?

Na kitu kingine. Kila mtu anasema ameanguka ng'ambo ya milima. Wewe peke yako unatafuta upande wa huku. Kwa nini?

Nastasia


Nunacuar
6 Mei 1969

Shemeji Nastasia,

Sijui nikusalimuje leo. Umeshapigiwa simu, unajua. Najua pia kwamba ulitaka kuja na haikuwezekana. Barafu ya mto imelainika, uwanja ni tope, hakuna ndege inayoweza kutua hapa mpaka mto ufunguke. Tulimzika tarehe mbili. Tuliwasha moto juu ya ardhi siku mbili ndipo sururu ikaingia. Mama hakulia mbele za watu. Alikaa anasema na jeneza kama wanavyosemezana wanawake jikoni, akimlaumu kwa kutovaa kofia.

Nilimkuta tarehe ishirini na saba Aprili, upande wa huku, kijito cha tatu kabla ya mlango wa milima. Theluji ilikuwa imezama nikaona ncha ya mkia. Ndege haikuvunjika sana. Alitua vizuri, shemeji, alitua vizuri sana, ni zile mbao za chini za kutelezea theluji tu zilizonasa kwenye mierebi ikalala upande, na mguu wake ukavunjika. Injini ni nzima. Nilizungusha panka la mbele kwa mkono, ikazunguka. Matangi yote makavu. Kile kitasa cha kugeuzia mafuta alikuwa amekirudisha kushoto, tangi ambalo lilikuwa limeisha zamani, nadhani alikuwa anajaribu chochote.

Alijenga hema kwa lile turubai la mabawa. Aliishi siku kumi na moja. Najua kwa sababu aliandika kwenye daftari la safari, kwa penseli. Daftari nimekuwekea, nitampa kasisi akuletee mkononi, lakini nakunakilia hapa maana ni haki yako usisubiri tena.

"Tarehe 4. Tangi la kushoto liliisha kwa wakati wake, nikageuza la kulia, likanipa dakika arobaini na tano tu, likakata. Nimepima kwa kijiti. Kikavu. Nilijaza mwenyewe. Labda linavuja, lakini nimetambaa kwenye theluji yote chini ya bawa, sioni doa wala harufu."

"Tarehe 5. Nimekosea wapi? Sikupima asubuhi, lakini nilijaza mwenyewe."

"Tarehe 8. Nasikia ndege, mbali, kusini. Wassillie atakuwa amewaambia mabawa yalijaa. Ndiyo maana wanakwenda kule. Hana kosa, aliona nikijaza."

"Tarehe 10. Zipo leo pia. Kusini vilevile."

"Tarehe 13. Mguu umeacha kuuma, sipendi."

"Tarehe 15. Nastasia, nilikuwa njiani."

Hapo ndipo mwisho. Nilikaa naye pale mpaka pikipiki ikapoa isiwake tena, nikarudi kwa miguu kuita watu.

Mfuko wa posta ulikuwa nyuma ya kiti, umefungwa na kamba ya Agafia, mkavu kabisa. Niliubeba mgongoni mwenyewe. Ni mwendo wa siku nzima, Nastasia, na nilikuwa na kiberiti. Nilisimama mara mbili nikaushusha chini. Humo ndani mlikuwa na barua yako moja kutoka kwangu. Nilimkabidhi Agafia kamba ikiwa haijaguswa. Akasema, "Hizi zimechelewa miezi minne, nizipeleke tu?" Nikamwambia, "Stempu zimeshalipwa, zipeleke."

Mto ukifunguka itakufikia. Mwezi wa Machi uliniuliza maswali mawili, yamejibiwa humo, kwa mkono wangu, kabla hujauliza.

Mama anauliza habari za jina. Mimi siulizi kitu.

Wassillie


Nunacuar
Ijumaa, 3 Januari 1969

Shemeji wangu mpenzi, mrembo wa hospitali,

Habari za kulala bure na kupikiwa? Huku bila wewe tunakula vitu vilivyoungua. Kaka juzi alipika supu ya bata, mbwa wakaijadili kwanza kabla ya kula. Mama mzima, mimi mzima, nimezidi uzuri tu.

Unayemtaka anakuja. Amepata telegramu yako leo mchana, amekuwa kama mtu aliyekalia sindano. Amemimina pipa lake lote la mwisho kwenye mabawa, mimi nimemshikia faneli badala yako, akanifokea kwamba ngozi siishiki vizuri kama Nastasia. Ukungu ukimpa nafasi hata ya upana wa mkono kesho ataondoka. Barua hii nampa Agafia aitie kwenye mfuko, kwa hiyo tarishi wangu ni mumeo mwenyewe bila kujua. Mpe chai.

Sasa nikuambie siri na wewe uimeze. Mama ananisumbua tangu Jumatatu nimpeleke Tungaq kwa dada yake wakagombane kwa ajili ya sikukuu. Nimemwambia pikipiki haina mafuta, dukani hakuna, kijiji kizima hakuna. Akaniambia, "Kaka yako anayo." Nikamwambia ya kaka ni ya ndege. Akaniambia, "Kwani ndege ni mama yako?" Unamwambia nini mtu kama huyo?

Basi baada ya kaka kufunika mabawa na kwenda kuoga mvuke, nimeingiza mpira chini ya turubai nikamnyonya bawa la kulia madebe matatu. Usishtuke. Bethel ni mwendo wa saa moja na robo, yeye amejaza ya saa nne, anataka kwenda Urusi? Nimemwachia zaidi ya saa mbili na nusu, na Bethel atajaza tena. Kumwomba nisingeweza. Unamjua, kaka hakatai kitu mtu akiomba, angenipa, halafu asingeondoka kesho mpaka apate mengine, na wewe ungekaa hapo unamngoja. Kwa hiyo ukitazama vizuri nimewasaidieni nyinyi wawili.

Sisi tutatoka alfajiri kabla hajaamka, nikwepe matusi. Akitumbukiza kile kijiti chake asubuhi atajua mara moja ni nani, atanitukana peke yake angani mpaka Bethel, na yatakuwa yamekwisha. Na lazima atapima, yule hawezi kunywa chai bila kupima kikombe. Akirudi nitamwambia mwenyewe na nitakubali makofi.

Wewe usimwambie kitu. Mtoto akiwa mwanamume afanane na mimi.

Shemeji yako asiye na kifani,
Wassillie


Anchorage
11 Juni 1969

Wassillie,

Mimi na mtoto tuko wazima. Natumaini na Mama pia.

Barua yako ya tarehe tatu Januari ilinifikia wiki iliyopita. Karani wa posta aliniomba radhi kwa kuchelewa, akanionyesha muhuri. Nilianza kuisoma nimesimama na nikacheka. Nataka ujue hilo. Nilicheka pale kwenye supu ya bata, nikacheka pale kwa Mama, nilikuwa bado nacheka nilipofika kwenye mpira.

Nimekaa nayo siku saba nikitafuta neno la kukuambia. Kuchukua madebe matatu si kitu. Sote tulichukua, hata mimi nimewahi kumnyonya mafuta ya kuwashia taa na sikumwambia, na asubuhi alinitazama tu akatabasamu. Ninachorudia ni pale shuleni, tarehe saba. Alikuwa hai tarehe saba. Alikuwa hai tarehe kumi na mbili ulipokuwa unaniandikia habari za kitambaa cha Mama. Neno moja tu, "Hapana, bawa la kulia nililipunguza," wangefuta lile duara wakachora dogo, na angekuwa amekaa hapa ananifokea nisimfunge mtoto kwa kukaza. Alikuwa amelala kule anasikiliza ndege zikienda kusini, na anakutetea kwenye daftari.

Najua kwa nini hukusema. Mama alikuwa kwenye benchi la mbele, na ni yeye aliyesema kaka yako anayo. Najua pia kwamba ulikuwa na kiberiti na hukukiwasha. Nimejaribu kufanya hayo mawili yatoshe. Hayatoshi, na sioni kama yatatosha hata baadaye.

Sasa la kwangu. Evon alikuwa hapandi ndege bila kupima. Asubuhi ile hakupima, na wewe ulikuwa unategemea apime kama sisi sote tulivyotegemea. Unataka kujua kwa nini hakupima. Mimi nilikuwa na wiki nyingi za kulala hapa peke yangu na kiburi, nikamtumia telegramu ya maneno manne: NJOO SASA AU USIJE. Alikuwa nayo mfukoni. Ukungu ulipofunguka aliona kijiti kinampotezea dakika mbili. Ndiyo sababu sikukujibu uliponiuliza Februari, na ndiyo sababu maneno yake ya mwisho yanasema alikuwa njiani. Aliniandikia jibu la telegramu.

Kwa hiyo nyumbani siji. Nimepata kazi ya kufua hapahapa hospitali na chumba na yule mama wa Kotlik. Nikija utanitazama utaona ya kwako, nami nitakutazama nitaona ya kwangu, na Mama atakuwa katikati anatugawia samaki. Daftari kasisi amenipa. Vitu vyake vingine mgawane.

Mwambie Mama mtoto amepata jina. Anaitwa Iraluq. Nilimpa Jumapili, kwa maji, kama inavyopasa, nikamlisha ncha ya kidole changu iliyochovywa mafuta ya sili, akakunja uso vilevile kama Evon.

Kwa desturi yetu yeye sasa ni kaka yako mkubwa, na ni mume wangu. Uliandika kwamba akirudi utamwambia mwenyewe. Basi amerudi. Ana miezi mitatu. Ukitaka kuandika mwandikie yeye, nitaziweka pamoja na hii ya tarehe tatu na nakala yangu ya ile telegramu, na akijua kusoma nitampa zote. Mimi sitakujibu tena. Nami nina la kumwambia, na namtazama usoni kila siku tangu Jumapili sijaweza kuanza.

Nastasia